Maswali Yenu: Spea za Magari ya Zamani, Bei ya Kweli Ni Ipi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Marehemu baba alipenda sana magari ya zamani na katuachia stoo nzima ya spea, kuna kabureta, taa, vitasa, rimu, fenda, mpaka maboksi ambayo hayajawahi kufunguliwa, nyingi ni za Volkswagen Beetle na MGB, kile kigari cha michezo cha Kiingereza. Amekuja mfanyabiashara anataka kubeba zote kwa mpigo na bei aliyotaja inatutia uchungu, maana mtandaoni tunaona vitu hivyo hivyo kwa mara kumi zaidi. Anatupunja au sisi ndo hatujui? (Binti wa marehemu)

JIBU: Marahaba binti, poleni sana na msiba, na umefanya vizuri kuuliza kabla hamjapokea hela ya mtu.

Huyo jamaa si lazima awe anawapunja, ila pia msimpe bado. Iko hivi, ile bei mnayoiona mtandaoni ni bei anayoiomba muuzaji na kuomba ni bure, kuna rimu ziko kwenye matangazo miaka na miaka, bei haishuki na mtu hanunui, sasa hiyo utaiitaje thamani? Tovuti nyingi za mnada zina sehemu ya kuchuja mkaona vitu ambavyo vimeshauzwa na vimeuzwa kwa shilingi ngapi, hapo ndo mtapata picha, na muangalie mauzo kadhaa siyo moja, kwa sababu watu wawili wakikazana kwenye mnada bei inapaa siku hiyo tu, kesho yake haipo. Halafu kumbukeni huyu anabeba nzuri na mbovu pamoja, atazisafisha, atazipiga picha, atazitunza labda miaka mpaka atokee mtu mwenye gari hilo hilo la mwaka huo huo anayetafuta kitasa cha mlango wa kushoto. Bei ya jumla haiwezi kulingana na ukijumlisha moja moja, hilo mlikubali mapema lisiwaumize roho.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani gari likishakuwa na jina basi kila chuma chake ni mali. Hapana. Bei inaletwa na ugumu wa kuipata ile spea yenyewe. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na spea zake nyingi za injini na breki bado zinatengenezwa mpya, kwa hiyo kabureta ya kawaida iliyochoka haina cha maana. Lakini mkikuta vifaa vya zile za mwanzo, zenye kioo cha nyuma kilichogawanyika mara mbili, ambazo ziliisha mwaka 1953, au ile mikono midogo iliyokuwa inachomoza ubavuni kuonyesha dereva anakata kona, wekeni pembeni kabisa na msimwonyeshe mtu mpaka mjue mmeshika nini. MGB nayo ilitengenezwa 1962 mpaka 1980, zaidi ya laki tano, na mwaka 1988 kampuni ya Kiingereza ya British Motor Heritage walianza kutengeneza bodi zake nzima mpya, sasa nani atatoa hela nyingi kwa fenda yenye kutu na viraka? Ila fenda ya kiwandani ambayo haijala kutu mafundi wanaigombania, kwa sababu inakaa kwenye nafasi yake bila kupigwapigwa nyundo, zile mpya za kuiga mara nyingi zinasumbua hapo.

Maboksi yasiyofunguliwa msiyachane. Lebo ya mtengenezaji na namba ya spea ndo ushahidi wenyewe, na mnunuzi mwingine analipia boksi karibu sawa na kilichomo ndani. Ila vitu vya mpira vinazeeka hata vikiwa kwenye boksi, sili za breki zilizokaa miaka arobaini ni za kuweka kwenye kabati la maonyesho, msimuuzie mtu kwa ajili ya kufunga kwenye gari, hilo nasema kwa moyo wote kwa sababu breki hazina mjadala.

Na vidogo vidogo msividharau jamani! Swichi, saa ya dashibodi, kisanduku cha vifaa, jeki ya gari lenyewe, lenzi za taa zenye jina la mtengenezaji, hivyo ndo vilivyopotea kwenye magari mengi maana vilivunjika vikatupwa. Chukua lenzi uishike kwenye mwanga, angalia kuzunguka matundu ya skrubu kama kuna nyufa nyembamba kama nywele, angalia kama rangi imepauka upande uliopigwa jua, isiyo na dosari inaweza kuuzwa haraka kuliko injini, tena unaituma kwenye bahasha nene wakati injini usafiri peke yake unaweza kumeza faida yote.

Mimi ningefanya hivi: toeni hivyo vidogo na maboksi mviuze taratibu wenyewe, vizito vyote mpeni huyo mfanyabiashara kwa bei ya jumla, lakini abebe vyote vilivyobaki. Akishaanza kuchagua "hiki nataka hiki sitaki" anawaachia chuma chakavu.

SWALI: Kaka, nimeletewa kabureta mbili za Weber used, muuzaji anasema zimefanyiwa sevisi na anataka karibu na bei ya mpya. Nitajuaje kama zinastahili?

JIBU: Shika ile shafti inayozungusha vipepeo vya hewa uitikise juu chini. Ikicheza, hewa inapenya pembeni na sailensa, yaani injini kunguruma taratibu gari likiwa limesimama, utaihangaikia mpaka uchoke, na kurekebisha hapo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuchonga, siyo kubadilisha gasketi tu, kwa hiyo gharama hiyo itoe kwenye bei. Kisha fungua chemba ya mafuta, ukiona unga mweupe na vishimo kwenye chuma ujue maji yalikaa humo muda mrefu. Weka rula iliyonyooka kwenye uso unaogusana na manifoldi (lile bomba la kuingiza hewa na mafuta kwenye injini), mwanga ukipita chini yake uso umepinda. Angalia na vichwa vya skrubu, vikiwa vimechunika kuna mtu alilazimisha. Neno "sevisi" wengine wanamaanisha wamezipulizia dawa ya kusafishia tu. Jeti, vile vitundu vya kupimia mafuta, zisikutishe, zinapatikana mpya. Na usome namba iliyogongwa kwenye kila moja, kama hazifanani hiyo siyo pea, ni kabureta mbili tofauti zilizokutanishwa na bei lazima ishuke.

SWALI: Nina Mercedes W123 imekufa, sakafu ina kutu. Rafiki yangu amepiga hesabu anasema nikiichinja nikauza spea napata mara tatu ya kuiuza nzima. Nichinje?

JIBU: Hesabu ya rafiki yako inachukulia kila kitu kitauzwa. W123 zilitengenezwa kama milioni 2.7 kati ya 1976 na 1986, kwa hiyo wateja wako wengi na spea nazo ziko nyingi. Dashibodi isiyopasuka, siti nzima na taa safi zitaondoka mapema, ila milango, vioo na giaboksi vitakaa na wewe, vikila nafasi, na mwisho unabaki na ganda la gari linalotaka kukokotwa. Kama makaratasi yamekamilika na chesisi haijapinda, liuze zima. Kama kutu imeshakula sehemu zinazobeba gari, hapo chinja, lakini piga hesabu kwa vile vitu vitano sita tu vya haraka, vingine vyote vihesabu kama chuma chakavu.

SWALI: Kuna mtu anauza kibati cha namba ya chesisi kikiwa peke yake, bila gari. Kina thamani?

JIBU: Achana nacho. Kibati bila gari lake ndo kinachotumika kulipatia gari la wizi jina jipya.

SWALI: Nina Citroën DS ya 1965, nimepata pampu ya hydroliki ya bei nafuu sana, imepakwa rangi ya kijani. Niichukue?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Mwaka 1966 Citroën walibadilisha mafuta ya hydroliki ya DS, wakaacha yale mekundu wakaingia kwenye LHM ya kijani yenye asili ya madini (zilizokwenda Marekani zilichelewa kidogo), na vifaa vya mfumo mpya vikapakwa kijani ili fundi asichanganye. Mpira wa sili za upande mmoja haustahimili mafuta ya upande mwingine, unavimba au unaoza, kisha hata mitungi ya saspensheni na breki vinaingia matatani. Pampu hiyo ni nzuri kwa mwenye DS ya 1970, kwako wewe haina thamani hata ukipewa bure, isipokuwa gari lako liwe lilishabadilishwa mfumo mzima huko nyuma. Kwa hiyo kabla hujamjibu muuzaji fungua tangi la mafuta ya hydroliki uone yaliyomo ni ya rangi gani, na umuulize aliyekuuzia gari kama sili zilibadilishwa zote.