Kwa mnaoanza kutengeneza fomu: zisikilizeni kabla ya kunitumia

Nimetoka kukagua fomu nyingine ya mmoja wenu, na nimekuta yaleyale: kisanduku cha barua pepe hakina lebo, maandishi ya kijivu ndani yake yamebebeshwa kazi isiyo yao, na "Endelea" iliyo chini si kitufe bali ni `div`, boksi tupu la HTML, iliyopakwa rangi. Aliyeiandika ni kijana hodari na msimbo wake ni msafi. Ndiyo maana imeniuma. Makosa haya hayafanywi na wavivu, yanafanywa na watu wanaojaribu fomu zao kwa macho na kipanya tu, wakasahau kwamba wasioona wanazijaza kwa kusikiliza. Basi leo nayaandika yote mahali pamoja, kwa sababu nimechoka kubandika maoni yaleyale kwenye kila kazi inayoletwa, na kwa sababu nawapenda na nataka mfike mbali.

Nachukulia kwamba HTML mnaijua, WCAG (mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu pia) mmeisikia, na NVDA, kisoma skrini kinachomtamkia asiyeona yaliyo kwenye skrini, ipo kwenye kompyuta zenu. NVDA ni ya bure tangu ilipoanza mwaka 2006, kwa hiyo kisingizio hakuna. Kama huna, acha kusoma, kaiweke, halafu urudi.

1. Lebo. Kila kisanduku kiwe na `label` yake, na `for` ya lebo ilingane na `id` ya kisanduku. Hilo halina mjadala. Maandishi ya kijivu ya `placeholder` hupotea mara tu mtu anapoanza kuandika. Mtu akikatizwa katikati, akirudi anakuta kisanduku kina tarakimu tatu na hajui kiliuliza nini. Na ukiandika "Jina" juu ya kisanduku bila kuviunganisha, wewe unayeona unaelewa kwa sababu vimekaribiana. NVDA haioni ukaribu. Inasema hapa pana sehemu ya kuandika, basi. JAWS, kisoma skrini kingine, wakati mwingine hujaribu kukisia lebo kutokana na maandishi ya jirani, na hapo ndipo baadhi yenu huniambia, "Mbona kwangu inasoma?" Inasoma kwa kubahatisha. Siku ukihamisha safu moja kwenda kulia, itaanza kumwambia mtu aandike tarehe ya kuzaliwa kwenye kisanduku cha simu.

2. Tumieni vilivyomo kwenye HTML. `button`, `input`, `select`, `fieldset` vimekuja na kila kitu: vinafikiwa kwa Tab, vinajitaja ni nini, vinaitikia kibodi. `div` ukiipa `role="button"` umebadilisha jinsi inavyotajwa tu. Bado hujaiweka kwenye njia ya Tab, hujaifanya iitikie Enter, wala hujaifanya iitikie Space. ARIA, yaani sifa kama hiyo `role` zinazokiambia kisoma skrini kitu ni nini, haitendi, inatamka. Ukitamka kitu ambacho hakipo, umemdanganya mtu, na mtu aliyedanganywa na fomu mara moja hawezi tena kuiamini sehemu yoyote ya tovuti hiyo. Kanuni ya kwanza ya kutumia ARIA, waliyoiandika wenyewe walioitengeneza, ni kwamba kama elementi ya kawaida ya HTML inatosha, itumie hiyo.

Vitufe vya redio viwekwe ndani ya `fieldset`, yaani kikundi, yenye `legend`, yaani kichwa cha kikundi kinachobeba swali. Bila hiyo mtu anasikia "Ndiyo, kitufe cha redio, hakijachaguliwa". Ndiyo kwa swali gani?

3. Aya zilizo kati ya visanduku hazisikiki. Hili wengi hamlijui kwa sababu hamjawahi kujaza fomu yoyote kwa sikio. Kisoma skrini cha Windows kina hali mbili. Katika ile ya kusoma, mtu anapita ukurasa mzima kwa mishale, anaruka vichwa vya habari kwa H, visanduku vya fomu kwa F, vitufe kwa B. Akiingia kwenye kisanduku, hali inabadilika ili herufi anazobonyeza ziingie kisandukuni, vinginevyo akiandika jina "Hafidhi" atajikuta anarushwa kwenye kichwa cha habari. Kutoka hapo anasonga kwa Tab, kisanduku hadi kisanduku, na kila kilichoandikwa katikati kinarukwa. Maelekezo yako mazuri, onyo lako, mfano wako wa namba, vyote havikusomwa. Dawa yake ni `aria-describedby` inayotaja `id` ya maelekezo hayo. Yawe mafupi, maana yatasomwa kwa mfululizo mmoja, na viungo au orodha ulizoweka ndani yake hazitatambulika.

Kwa sababu hiyohiyo, msiweke masharti muhimu chini ya kitufe cha kuwasilisha. Aliyefika kwenye kitufe atakibonyeza. Kwa nini aendelee kwenda chini?

4. Makosa. Hapa nitakaa.

Timu niliyokuwamo ilitengeneza fomu ndefu ya usajili. Kila kisanduku kilikuwa na lebo, vikundi vilikuwa na `legend`, na programu ya ukaguzi wa kiotomatiki haikutuonyesha dosari hata moja. Tukaamini tumemaliza. Kisha akaalikwa mtumiaji wa JAWS, mtu asiyeona, aliyezoea kompyuta kutuzidi, anayesikiliza sauti kwa kasi ambayo sisi hatukuambulia neno. Alijaza fomu upesi, akafika kwenye "Wasilisha", akabonyeza Enter. Kimya.

Kwenye skrini mambo yalikuwa wazi kabisa: visanduku viwili vimezungushiwa mstari mwekundu, na chini ya kila kimoja pana sentensi nyekundu. Sisi tunaoona tulijua papo hapo. Yeye alisubiri kidogo, akidhani mtandao unasuasua. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara nyingine, kisha akauliza, "Imekwenda?" Tulikuwa tumekubaliana kutomsaidia, kwa hiyo hakuna aliyejibu. Akarudi juu kabisa, akaanza kupita kisanduku kimoja kimoja. Jina, limesomwa vizuri. Simu, imesomwa vizuri. Alifika mwisho na fomu nzima imemsomea kana kwamba haina tatizo lolote, kwa sababu ule wekundu ulikuwa CSS tupu, yaani mapambo ya macho, na zile sentensi zilikuwa aya zisizofungwa na chochote. Akasema, "Labda kuna mahali nimekosea mimi." Maneno hayo hayajanitoka hadi leo. Sisi ndio tulioharibu, na lawama amejitwisha yeye.

Kosa lenyewe? Namba ya simu alikuwa ameiandika kwa kuacha nafasi katikati, kama watu wengi wanavyoandika. Onyo la "usiache nafasi" lilikuwepo, kwenye aya kati ya visanduku viwili, na yanayozipata aya hizo nimeshayaeleza. Tena kwa nini nafasi zisiondolewe na programu yenyewe? Ni mstari mmoja wa msimbo. Msimpe binadamu kazi ambayo mashine inaifanya bila kulalamika.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nirefushe maneno, kwa sababu nakiona kwenu kila mara. Tulirekebisha kwa pupa. Kila ujumbe wa kosa tukaupa `role="alert"`, inayokifanya kisoma skrini kiutamke papo hapo, na ukaguzi tukaufanya ufanyike kila herufi inapobonyezwa. Mtu anaandika herufi ya kwanza ya barua pepe, anaambiwa "Barua pepe si sahihi". Anaandika ya pili, "Barua pepe si sahihi". Ya tatu, hivyohivyo. Hakuweza hata kusikia herufi anazoandika. Akiwasilisha, jumbe zote zinatamkwa kwa mkupuo, moja inamkata mwenzake, na anachoambulia ni kipande cha wa mwisho. Tulikuwa tumemtoa kwenye ukimya tukamtia kwenye makelele, na tulidhani tumempa msaada.

Kilichokuja kufanya kazi ni hiki. Fomu ikiwasilishwa na ina makosa, juu yake kinatokea kisanduku cha muhtasari chenye kichwa kama "Kuna makosa 2", na kila kosa ni kiungo kinachompeleka mtu kwenye kisanduku husika. Fokasi, yaani mahali kibodi inapofanya kazi kwa wakati huo, inahamishiwa kwenye muhtasari huo, ambao umepewa `tabindex="-1"` ili uweze kuipokea. Kila kisanduku chenye kosa kinapata `aria-invalid="true"`, na `id` ya ujumbe wa kosa inaongezwa kwenye `aria-describedby` yake pamoja na ile ya maelekezo. Hivyo akikifikia anasikia jina la kisanduku, kwamba kilichoandikwa si sahihi, na afanye nini. Kama ukurasa unapakiwa upya, kichwa cha ukurasa (`title`) nacho kianze na "Kosa:", kwa kuwa hicho ndicho cha kwanza kusomwa. Ukaguzi wa kisanduku kimoja usubiri hadi mtu atoke kwenye kisanduku hicho, au usubiri kuwasilisha kabisa. Mimi napendelea kuwasilisha.

Na ujumbe wenyewe useme jambo. "Ingizo batili" si ujumbe. "Andika mwaka kwa tarakimu 4" ni ujumbe.

Kwa taarifa zisizohitaji kumhamisha mtu alipo, kama "Rasimu imehifadhiwa", tumieni `role="status"`. Hapa pana mtego unaowanasa wote: kontena la taarifa liwepo kwenye ukurasa tangu mwanzo, likiwa tupu, ndipo maandishi yaingizwe ndani. Ukilileta pamoja na maandishi yake kwa mpigo mmoja, visoma skrini vingi havitasema kitu, nawe utakesha ukitafuta kosa kwenye JavaScript ambayo haina kosa. Sharti la taarifa za namna hii ni 4.1.3, liliingia na WCAG 2.1 mwaka 2018. Halina upya tena.

5. Mengine, harakaharaka. Msitumie `tabindex` yenye namba zaidi ya sifuri, inavuruga mpangilio mzima. Msifute mstari unaoonyesha fokasi ilipo, kuna watu wanaoona na hawatumii kipanya. Wekeni `autocomplete` kwenye jina, simu na barua pepe, ili kivinjari kimjazie mtu. Menyu kunjuzi isimpeleke mtu ukurasa mwingine kwa kuchagua tu, maana anayetumia mishale atarushwa akiwa kwenye chaguo la kwanza. Msizime kitufe cha "Wasilisha" hadi fomu ikamilike. Kitufe chenye `disabled` hakifikiwi kwa Tab, na mtu atazunguka fomu nzima akikitafuta. Ruhusuni kubandika nywila. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 imeongeza masharti mawili yanayowahusu moja kwa moja: mtu asilazimishwe kuingiza tena taarifa aliyokwisha kuitoa katika mchakato uleule, na kuingia kwenye akaunti kusitegemee mtihani wa kumbukumbu au wa kutegua fumbo bila njia nyingine.

Tarehe ya kuzaliwa ni visanduku vitatu vya kuandika, siku, mwezi, mwaka, ndani ya `fieldset`. Naomba msiniletee kalenda ya kubofya. Mtu wa miaka sitini arudi nyuma mwezi mmoja mmoja hadi lini?

6. Fomu za PDF. Najua mnazikwepa, lakini mtapewa. Karatasi iliyoskaniwa ni picha, na kisoma skrini hakina cha kusoma ndani yake. Kuchora mistari juu yake hakuifanyi kuwa fomu. Kila sehemu ya kujaza inahitaji maelezo kwenye kidokezo chake, yale yanayoonekana ukiweka kipanya juu yake, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosomwa kama jina. Inahitaji pia tagi, alama zilizofichwa zinazokiambia kisoma skrini kila kipande ni nini, na mpangilio wa Tab unaofuata tagi hizo. Nimeona fomu iliyobuniwa kwa safu mbili, Tab ikatoka jina la mwombaji ikaenda saini ya shahidi, ikarudi anwani ya mwombaji. Mtu alisaini kama shahidi wa ombi lake mwenyewe. Kama uamuzi uko mikononi mwenu, tengenezeni ukurasa wa HTML.

7. Kujaribu. Programu za ukaguzi zitawaonyesha lebo isiyokuwepo. Hazitawaonyesha lebo isiyo na maana, na ile fomu yetu ya usajili ilipita zote. Jaribuni kwa NVDA kwenye Windows, na kwa visoma skrini vya simu, VoiceOver kwenye iPhone na TalkBack kwenye Android, maana havifanani. Na wakati wa bajeti ukifika, semeni kwa sauti kwamba watumiaji wasioona walipwe kuja kujaribu kabla ya fomu kutoka. Wewe unayeona ukizima skrini bado unaikumbuka fomu uliyoichora mwenyewe, lakini yeye anaikuta kwa mara ya kwanza.

Kuanzia sasa, anayeniletea fomu aambatanishe rekodi ya sauti: skrini imezimwa, NVDA imewashwa, ameijaza yote, amekosea mahali pawili kwa makusudi, amewasilisha, amerekebisha, amewasilisha tena. Kama umekwama katikati ya kurekodi, usinitumie bado. Andika umekwama wapi, uje tukae pamoja na vipokea sauti, nina muda kwa hilo.