Wimbo kwenye slaidi za mahafali: unakatika, au haupo kabisa

Mwalimu, umeuliza mambo mawili. Slaidi za mahafali ya kidato cha nne zina wimbo, lakini ukihamia slaidi ya pili unakatika. Tena ukipeleka kazi kwa flashi kwenye kompyuta ya shule, alama ya spika inaonekana ila sauti hakuna. Kila tatizo lina dawa yake, na kuna la tatu ambalo hujitokeza bwaloni siku yenyewe, kwa hiyo naligusa pia.

Tuanze na kukatika. PowerPoint huihesabu sauti kuwa mali ya slaidi uliyoiweka. Slaidi ikiondoka, sauti nayo inaondoka. Bofya alama ya spika, juu itatokea menyu ya "Playback", na humo chagua "Play in Background". Kitufe hicho kimoja kinafanya kazi nne: wimbo unaanza wenyewe, unavuka slaidi hadi slaidi, unarudia ukiisha, na alama ya spika inafichwa wakati wa kuonyesha. Usipokigusa, matoleo mapya huacha "Start" kwenye "In Click Sequence", yaani wimbo unasubiri ubofye ndipo uanze. Mtu anadhani umegoma, kumbe unamsubiri yeye.

Ukitaka nyimbo mbili, tuseme ya kwanza iishie slaidi ya 12 na ya pili ianzie ya 13, fungua "Animations", kisha "Animation Pane". Bofya mshale ulio pembeni ya jina la wimbo, ingia "Effect Options", na kwenye "Stop playing" andika "After 12 slides". Hesabu huanzia slaidi ulipouweka wimbo, na slaidi hiyo inahesabiwa. Wimbo ukiwa kwenye slaidi ya 3 na unataka uishie ya 12, unaandika 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea, halafu nyimbo mbili zinalia kwa pamoja. Kwenye "Fade Duration" ya menyu ya "Playback" weka sekunde 3 mwanzo na mwisho, wimbo uanze na uishe taratibu.

Sasa kupotea. Kuanzia toleo la 2010, PowerPoint huimeza sauti ndani ya faili lenyewe, isipokuwa uwe umechagua "Link to File". Toleo la 2007, ambalo huenda bado limo kwenye kompyuta ya shule, haliimezi MP3. Linaandika tu njia ya kuifikia, kwa mfano folda ya "Music" ya kompyuta yako. Flashi ikihamia kompyuta nyingine, njia hiyo haifiki popote. Kwa toleo hilo fungua folda mpya, weka wimbo na slaidi humo KABLA ya kuingiza wimbo, kisha hamisha folda nzima. Ukishaingiza ndipo ukahamisha, umechelewa, ingiza upya.

Kuhakikisha ni rahisi. Tengeneza nakala ya faili la .pptx, ibadilishe mwisho wa jina iwe .zip, ifungue, ingia "ppt" halafu "media". Wimbo ukiuona humo, umemezwa. Usipouona, ni njia tu. Angalia na uzito: MP3 ya kbps 128 ni karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika tatu na nusu uongeze kama MB 3.5. WAV, yaani sauti isiyobanwa, ni kama MB 10 kwa dakika, na haina faida yoyote kwenye spika za bwalo.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiuingize ulivyo. Huwa ni .opus au .ogg, na PowerPoint nyingi haziutambui. Ufungue kwa programu ya VLC: "Media", "Convert / Save", chagua faili, kisha "Audio - MP3". Dakika moja imekwisha.

Kuhusu kulinganisha picha na wimbo, piga hesabu kabla ya kupanga. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 30 ni sekunde 210. Picha 35 zitapata sekunde 6 kila moja. Kwenye "Transitions" weka "Duration" 01.00 na "After" 00:05.00, kisha "Apply To All", kwa sababu sekunde moja ya kubadilika picha nayo inahesabiwa. Halafu rekebisha kwa macho: picha ya darasa zima iachie sekunde 8, watu wanatafutana humo. Ya mwanafunzi mmoja, 4 zinatosha.

Wimbo gani? Msimamo wangu ni kwamba kwaya ya shule yenyewe inashinda wimbo wowote wa kupakua. Na kwa shule za Chamwino, Bahi au Kongwa mkoani Dodoma, zeze na ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) vipo jirani. Rekodi kwa simu, lakini ndani. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi ukiipiga maikrofoni ya simu unaacha ngurumo ambayo huwezi kuisafisha baadaye. Funga madirisha, simu iwe mita 2 hadi 3 mbele ya mstari wa kwanza, usawa wa kifua, juu ya daftari au kitambaa na siyo juu ya meza tupu. Ilimba irekodi kwa mita moja. Ukisogea sana, ule mvumo wake mzuri unageuka mkwaruzo. Ngoma za muheme, zile za Wagogo, zinataka umbali mkubwa zaidi, mita 5 au 6, la sivyo sauti inapasuka. Ukitumia wimbo wa msanii, fahamu kwamba una mwenyewe: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiko kwa kuuliza. Ukipandisha video YouTube, wimbo huo unaweza kufanya izuiwe. Maktaba ya sauti ya YouTube ina nyimbo zinazoruhusiwa.

Penye mtu anayezungumza, shusha muziki hadi "Low" kwenye "Volume" ya menyu ya "Playback", na tumia ala tupu. Wimbo wenye maneno chini ya hotuba ya mkuu wa shule unaharibu vyote viwili.

Bwaloni sasa. Kebo ya VGA haibebi sauti, kwa hiyo unahitaji waya wa pili kutoka tundu la visikilizio la kompyuta kwenda kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti). HDMI inabeba, na hilo ndilo tatizo: ukiichomeka, Windows mara nyingi inahamishia sauti kwenye kispika kidogo cha projekta, huku spika kubwa zikiwa kimya. Bofya alama ya spika chini kulia, chagua spika za kompyuta. Ukisikia mvumo "mmmm" usioisha, chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukinyamaza, ujue unapitia kwenye umeme, basi endesha kwa betri iliyojaa. Bluetooth iache: sauti huchelewa, na spika nyingine hujizima zikikaa kimya.

Toa pia video ya akiba: "File", "Export", "Create a Video", ukichagua "Use Recorded Timings and Narrations". Usipochagua hiyo, kila slaidi itapewa sekunde 5 na hesabu yako yote inapotea. Iweke MP4 hiyo kwenye flashi na kwenye simu.

Jaribio lifanyike jana yake, kwa waya zilezile. Simama mstari wa mwisho. Chini ya mabati bwalo tupu linavuma, kwa hiyo punguza besi kwenye mikisa mpaka maneno ya wimbo yasikike. Watu wakijaa, mvumo utapungua na utahitaji kuongeza sauti kidogo. Ukipata kiwango, bandika kipande cha plasta pembeni ya kitufe na uandike "SLAIDI" kwa kalamu, maana dijei atakuwa amekigusa kabla zamu yako haijafika.