Kwako inafunguka, kwa mteja inajifunga

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nimetuma sasisho. Kwangu programu inafunguka vizuri, kwa wateja inajifunga hata kabla haijaonyesha kitu. Sijalala." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Kesha hilo nalijua.

Nilikuwa na mteja Kariakoo, mama anayeuza vitenge kwa jumla. Nikamtengenezea programu ya stoo na mauzo kwa React Native, mfumo wa kuunda programu za simu kwa lugha ya JavaScript. Wahudumu wake saba walitumia simu za bei nafuu, RAM ya GB 2, na programu yangu ilichukua sekunde tisa kufunguka. Pale dukani sekunde tisa ni nyingi: mnunuzi kasimama na hela mkononi, nyuma yake mwenye mkokoteni anapiga kelele apishwe. Mama akaniambia, "Mwanangu, daftari langu linafunguka haraka kuliko hiki kitu chako." Iliniuma, maana alisema kweli.

Ndipo nikahamia Hermes, injini ya JavaScript (sehemu inayokaa ndani ya programu na kuendesha msimbo) ambayo Facebook waliitoa mwaka 2019 na ambayo tangu React Native 0.70, mwaka 2022, huja ikiwa imewashwa tayari. Kabla ya hapo simu ilikuwa inapewa maandishi ya JavaScript, inayasoma na kuyachambua upya kila programu inapofunguliwa. Kwa Hermes kazi hiyo inafanyika mara moja tu, kwenye kompyuta yako, wakati wa kujenga programu. Simu inapokea baitikodi, yaani msimbo uliokwisha kupikwa tayari kwa injini, tena hailazimiki kupakia faili lote kwenye RAM. Inachukua vipande inavyovihitaji tu. Sekunde tisa zikawa tatu. Mama aliniagizia soda, akawaita majirani zake waje waone. Siku ile nilitembea Msimbazi kifua mbele, na sioni haya kusema hivyo.

Miezi mitano baadaye nikapandisha toleo la React Native, nikajenga, nikatuma faili la baitikodi peke yake kupitia mfumo wa masasisho niliouandika mwenyewe. Simu yangu ilikuwa na programu mpya nzima, kwa hiyo kila kitu kilikwenda. Simu za dukani zilikuwa na injini ya zamani. Jumamosi saa tatu asubuhi zote saba zikagoma.

Sababu ni hii: baitikodi ya Hermes ina namba ya toleo, na injini iliyomo ndani ya simu inataka namba yake hasa. Ikikuta nyingine, inakataa faili. Maandishi ya JavaScript hayana ugomvi huo, na mimi bado nilikuwa nafikiri kwa mazoea ya maandishi.

Nikapanda mwendokasi kutoka Kimara, nikafika natetemeka. Kwa pupa nilifuta programu kwenye kila simu ndipo nikaweka mpya, badala ya kusakinisha juu ya ile ya zamani. Mauzo ya Ijumaa jioni ambayo hayajapanda kwenye seva yakaenda na maji. Mama hakunifokea. Alifungua droo, akatoa daftari. Hajaniita tena mpaka leo, na nikipita mtaa ule bado nageuza uso.

Basi nisikilizeni, ninyi mnaotaka kazi zenu zikae kwenye simu za watu. Kompaila, ile inayopika baitikodi kwenye kompyuta yako, na injini iliyomo kwenye simu ni pacha, msiwatenganishe. Ukipandisha React Native, toa programu nzima, usitume baitikodi peke yake. Katika faili la baitikodi, baiti 8 za mwanzo ni alama ya Hermes, na zinazofuata ndizo namba ya toleo. Mfumo wangu sasa unaisoma namba hiyo kabla ya kumpa mteja yeyote sasisho, na zisipolingana hautumi. Jaribuni kwenye simu yenye programu ile ile aliyonayo mteja, si yenu. Narudia: si yenu. Na jaribuni kwa toleo kamili lile la kumpa mteja, kwa sababu kwenye toleo la majaribio mnalotumia wakati wa kutengeneza, Hermes kwa kawaida hupokea JavaScript ya maandishi na kosa hili hamtaliona.

Jambo jingine: baitikodi si kufuli. Nimeona vijana wanaficha funguo za malipo humo. Maneno yaliyomo yanasomeka kwa amri ya kawaida kabisa, na zana za kuifumua zipo. Funguo zikae kwenye seva.

Mdogo wangu uliyeniandikia, rudisha lile faili la zamani kwenye seva usiku huu. Simu ambazo tayari zimepokea jipya, sakinisha programu mpya nzima juu ya ile iliyopo, usifute chochote. Halafu mpigie kila mteja wewe mwenyewe kabla hajafungua duka. Mimi nilisubiri mama anipigie.