Kujitolea kuwa stewadi kwenye tamasha la muziki, je wasanii utawaona?

Mkuu umeuliza mambo matatu: ukijitolea ustewadi, yaani kuwa mmoja wa wale wa kuelekeza na kuangalia watu kwenye tamasha, utapata kuwaona wasanii, kazi yenyewe ni ngumu kiasi gani, na ile hela ya dhamana wanayotaka mapema kama sio utapeli. Nimeshafanya hii kazi kwenye matamasha kadhaa, nimekaa getini, nimezunguka kwenye mahema usiku na nimesimama pale mbele ya jukwaa, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo maana kuna mtu kakwambia ni kuvaa kizibao na kusimama tu, sio kweli.

Tuanze na wasanii. Kuwasikia utawasikia mpaka uchoke, kuwaona ndio kazi. Wengi wanadhani nafasi tamu ni ile ya mbele kabisa, kwenye uchochoro kati ya jukwaa na vile vyuma vya kuzuia watu, kumbe pale ndio huoni kitu kwa sababu unatakiwa uligeuzie jukwaa mgongo na uangalie nyuso za watu muda wote. Msanii unayemkubali anaimba mita chache nyuma ya kisogo chako na wewe hugeuki. Hata supavaiza asipokuona, sekunde tano unazogeuka zinatosha mtu kuzama chini mbele yako. Ukitaka kuona shoo nenda ukiwa umemaliza zamu, vua kizibao, kaa na watu kama shabiki mwingine yeyote. Na usivae kizibao ukiwa huna zamu, watu watakuja kukuuliza choo kiko wapi na mtu akianguka wote wanakuangalia wewe.

Zamu zenyewe, kwenye matamasha makubwa ya siku kadhaa, hasa Uingereza ambako huu utaratibu umekomaa, zilizozoeleka ni tatu za masaa kama nane kila moja, na mara nyingi wanakuchanganyia mchana, jioni na usiku. Ina maana tiketi yako "ya bure" unailipia kwa masaa 24 ya kusimama. Kuchagua unachagua kidogo sana, ila kubadilishana na mwenzako inawezekana mradi supavaiza ajue, usibadilishane kimyakimya kwa sababu likitokea la kutokea majina ya kwenye karatasi ndiyo yatakayoitwa.

Sasa ugumu. Miguu itauma, jua litakupiga, mvua itakunyeshea, hayo unayategemea. Ugumu ambao watu hawautegemei ni kwamba hii ni kazi ya kuomba. Wewe sio baunsa, huna ruhusa ya kumshika mtu, kumpekua wala kumvuta. Uingereza kwa mfano mtu wa ulinzi lazima awe na leseni ya SIA, mamlaka inayowasajili walinzi huko, stewadi wa kujitolea hana, na hata nchi ambazo hazina sheria kama hiyo mpaka ni uleule, ukiona ugomvi unaita walinzi kwa redio na unawasogeza watu wengine pembeni, huingii katikati. Unachobaki nacho ni mdomo wako, sura yako na kile kizibao. Watu wanadharau hiyo lakini historia ya matamasha inaonyesha ina nguvu. Tamasha la Woodstock, Marekani, Agosti 1969, watu wanaokadiriwa laki nne shambani, na sehemu kubwa ya kutuliza watu walifanya vijana wa kundi la Hog Farm wakiongozwa na Wavy Gravy, ambaye alikibatiza kikosi chake kikosi cha "tafadhali". Miezi minne baadaye, Desemba 6 mwaka huohuo, tamasha la Altamont kule California, eneo la jukwaa waliachiwa Hells Angels, genge la waendesha pikipiki, na habari inayosimuliwa mpaka leo ni kwamba malipo yao yalikuwa bia. Kijana wa miaka 18, Meredith Hunter, akachomwa kisu akafa mbele ya jukwaa wakati bendi ya Rolling Stones wanapiga. Mimi nikisikia stewadi anajisifu kwamba yeye ni mkali huwa nakumbuka hiyo.

Namna ya kuomba ina ufundi wake. Chukulia njia ya dharura, ile nafasi iliyoachwa wazi ili gari la wagonjwa lipite. Watu wanapenda sana kukaa pale kwa sababu kuna upepo na hakuna anayewakanyaga. Ukienda ukasema "ondokeni hapa hairuhusiwi" utabishana nao nusu saa, na kila kundi ukiliondoa linakuja jingine. Mimi nachuchumaa, nawasalimia, nawaambia hapa ndipo inapopita ambulensi, mtu akizimia kule mbele itabidi iwapigie honi nyie kwanza, halafu nawaonyesha kwa mkono sehemu nyingine nzuri ya kukaa. Hiyo ya kuonyesha pa kwenda ndio muhimu, mtu hakatai kuhama, anakataa kuhamishwa bila kuambiwa aende wapi. Akielewa mmoja mwenye chupa mkononi atawahamisha wenzake wote kwa niaba yako na atawafokea kuliko wewe.

Pale mbele ya jukwaa ndipo panapohitaji akili zaidi na nitakaa hapo kidogo. Watu wakifa kwenye msongamano mara nyingi hawafi kwa kukanyagwa, wanakufa wamesimama, kifua kinabanwa mpaka hakiwezi kupanuka kuvuta hewa. Tamasha la Roskilde, Denmark, Juni 30 mwaka 2000, vijana tisa walikufa kwa kukosa hewa kwenye msongamano bendi ya Pearl Jam wakiwa jukwaani. Houston, Novemba 5 mwaka 2021, kwenye tamasha la Astroworld walikufa kumi na mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka 9. Na walio nyuma hawajui kabisa kinachoendelea mbele, wao wanasukuma hatua moja moja wasogee waone vizuri, hizo hatua zikijumlishwa huko mbele zinakuwa uzito wa ajabu. Wataalamu wa misongamano wanasema ukishafika watu watano kwenye mita moja ya mraba ni wakati wa kuwa macho, wakifika sita saba mtu hana tena uamuzi wa aende wapi, anapelekwa tu.

Wewe uliyesimama pale huna mizani wala kipimo, una macho. Kitu cha kwanza angalia mawimbi, ukiona vichwa vinayumba pamoja kulia halafu kushoto na hamna anayecheza, hiyo sio shangwe. Cha pili nyuso. Mtu anayefurahi anaangalia jukwaa, mtu aliyebanwa anaangalia juu, kidevu kimeinuka anatafuta hewa, au anakuangalia wewe. Mikono pia, mwenye raha mikono iko hewani, mwenye shida mikono ameikunja kifuani anajitengenezea nafasi ya kupumulia. Kuna dada mmoja namkumbuka, alikuwa safu ya pili, rafiki zake wanaruka wanaimba, yeye ametulia kimya midomo imeanza kupauka, nikamnyooshea kidole nikamuuliza kwa ishara ya dole gumba, juu au chini? Akashindwa kuinua mkono. Nikaita, walinzi wawili wakamnyanyua juu ya vyuma, akakaa chini akanywa maji, baada ya kama dakika kumi anataka kurudi palepale! Tukampitisha pembeni. Hiyo ishara ya dole gumba itumie, kelele za pale hamsikilizani hata mkigusanisha masikio.

Swali moja uulize kwenye brifingi, kile kikao cha maelekezo kabla ya kazi, na usiondoke bila jibu: nani ana mamlaka ya kusimamisha muziki, na mimi nikiona hatari namfikiaje? Waandaaji makini watakujibu palepale, wana utaratibu umeandikwa. Wakianza kutazamana, dah, mimi ningeomba nipangwe getini.

Getini penyewe ni foleni, bangili za mkononi (ndizo za kuingilia) na watu wenye hadithi. Kila mtu ana rafiki yake yuko ndani na bangili yake, kila mtu anajuana na msanii. Usijadili, mpeleke dirisha la tiketi. Ila saa moja kabla ya msanii mkubwa geti linakuwa jambo jingine, foleni ikianza kubana mbele wakati nyuma watu wanazidi kuja, toa taarifa mapema kabla haijawa shida, sio ikishakuwa.

Redio upepo sasa, maana wageni wengi wanaiogopa. Sikiliza kwanza kama kuna mtu anaongea, bonyeza, subiri kidogo ndio uanze, la sivyo neno lako la kwanza linakatwa. Anza na uko WAPI kabla ya kusema kuna nini. Betri ikikata katikati wakishajua ulipo watakuja hata kama hawajui wanakuja kufanya nini. Na wapi sio "hapa karibu na jukwaa", jukwaa lina pande nne mzee, sema namba ya geti au ya mlingoti wa taa. Mambo kama moto yana maneno yake ya siri kwenye kila tamasha, utapewa, yakariri, kwa sababu ukipiga kelele "moto" na redio yako iko wazi watu waliokuzunguka nao wanasikia.

Mtoto akipotea wengi wanakimbilia kumtangaza kwenye spika. Jina lake, umri wake na nguo alizovaa havitangazwi hata siku moja, maana anayesikia sio mzazi peke yake. Mtoto ukimpata baki naye hapohapo kwa dakika chache kwanza, mara nyingi mzazi yuko hatua ishirini anazunguka, na muwe watu wazima wawili, usiwe naye peke yako wala usimbebe kumpeleka sehemu iliyojificha. Akija anayesema ni wake, muache yeye ndio akwambie jina la mtoto na amevaa nini, wewe usimtajie. Watoto wakubwa kidogo wanaona aibu kulia, wanasimama tu wameganda wanaangalia kila anayepita, hao wafuate bila kusubiri waombe.

Kwenye mahema usiku watu wanadhani ni zamu ya kulala, ni zamu ya kuangalia moto. Mtu akisikia baridi anaingiza mkaa ndani ya hema na kufunga zipu, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini. Ukiona mwanga mwekundu ndani ya hema lililofungwa gonga, amsha, toa nje, wakikutukana waache wakutukane.

Halafu neno "mlevi" lifute kwenye redio. Sema unachokiona: kijana, anayumba, hajibu maswali, ngozi ya moto. Aliyezidiwa na joto anachanganyikiwa kama mlevi, mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka anachanganyikiwa kama mlevi, na wahudumu wa afya wakisikia "mlevi" miguu yao inapunguza mwendo, binadamu ndio tulivyo. Mtu aliyelala na haamki vizuri mlaze ubavu, kaa naye mpaka wafike. Usikubali rafiki zake wakwambie mwache alale.

Masikio nayo. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa masaa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 una dakika 15 tu, na mbele ya spika kubwa 100 ni kitu cha kawaida. Vaa vizibo vya sponji, uviviringishe viwe vyembamba, vuta sikio kwa juu ndio usukume ndani, ukivichomeka juu juu havisaidii chochote. Masikio yakilia usiku kucha baada ya zamu, kesho yake omba uhamishwe sehemu, usione aibu. Viatu, visivyo vipya. Maji, chupa yako mwenyewe. Tochi ya kichwani. Basi, mengine utaazima.

Hela ya dhamana: sio utapeli kwa asili yake. Wanakata kiasi kinacholingana na bei ya tiketi ili usichukue bangili ukapotelea kwenye umati, ukimaliza zamu zako zote wanarudisha. Ila kabla hujalipa, hakikisha masharti ya kurudishiwa yameandikwa na yana muda, mfano ndani ya wiki ngapi baada ya tamasha, na zamu moja ukiikosa kwa kuumwa inakuwaje. Uliza bima ni ya nani ukiumia kazini. Uliza chakula na pa kulala. Angalia kama tamasha lenyewe kwenye kurasa zake linalitaja hilo kundi linalokuandikisha, kama halitajwi popote watafute waandaaji moja kwa moja uwaulize. Na wakikwambia utume kwenye namba ya mtu binafsi leo leo kabla nafasi hazijaisha, achana nao, matamasha yanayohitaji watu wa kujitolea yanahangaika kuwapata mpaka wiki ya mwisho.