Karibu klabuni, shika faili kwanza

Wengi wetu tuliingia klabu ya huduma ya wanawake kwa mlango wa hafla. Rafiki anakualika siku ya kukabidhi tuzo, unamwona binti akipokea hundi, mama yake anajifuta machozi, kamera zinamulika, nawe unasema moyoni: hapa ndipo pangu. Karibu sana dada. Ila ujue kwamba siku ile ndiyo nyepesi kuliko zote katika mwaka wa klabu. Nimekaa kwenye kamati ya ufadhili muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba binti hupatikana au hupotea miezi mingi kabla ya hundi, na baada ya hundi anaweza kupotea tena. Nitakayokwambia hapa yanahusu miezi hiyo.

Jua kwanza umeingia nyumba gani. Klabu hizi si za jana. Zonta ilianzishwa Buffalo, New York, mwaka 1919. Soroptimist ilizaliwa Oakland, California, mwaka 1921. Inner Wheel ilianzia Manchester, Uingereza, Januari 1924, pale Margarette Golding alipowakusanya wake wa wanachama wa klabu ya huduma ya Rotary wafanye huduma kwa jina lao wenyewe. Rotary ilikuwa ya wanaume, na ikabaki hivyo mpaka miaka ya 1980; uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1987 ndio uliosukuma mlango. Huhitaji kukariri haya, lakini yatakusaidia kuelewa kwa nini klabu yako inang'ang'ania elimu na ajira kuliko misaada ya siku moja. Waanzilishi wa Zonta na Soroptimist walikuwa wanawake wenye taaluma na biashara zao, katika zama ambazo taaluma nyingi ziliwafungia wanawake. Walijua hasa mlango upi ni mzito.

Kosa la kwanza la mwanachama mpya mwenye moto ni kuja na mradi wake. Wiki ya pili tu, tayari ana nembo na jina! Tulia kidogo. Kama klabu yako ni tawi la shirika kubwa, programu zipo, zimeshafanyiwa majaribio, na zina fomu na ngazi za kupanda: mshindi wa klabu huenda kushindanishwa kanda, kisha juu zaidi. Zisome mpaka uweze kumweleza mtu bila kushika karatasi, kwa sababu kila moja ina mlengwa wake. Live Your Dream ya Soroptimist ni ya mwanamke anayebeba yeye mwenyewe mzigo mkuu wa kuitunza familia, na ambaye yuko masomoni au amekubaliwa chuoni. Fedha yake inaweza kwenda kwenye vitabu, nauli, hata malipo ya mtu wa kumlelea mtoto wakati mama yuko darasani. Dream It, Be It inawalenga wasichana wa sekondari wanaokabiliwa na vikwazo, na inawafundisha kuijua kazi wanayoitaka, kupanga malengo na kuinuka baada ya kushindwa. Upande wa Zonta kuna tuzo ya vijana wa kike wenye umri wa miaka 16 hadi 19 wanaojitolea kwenye mambo ya umma, iliyoanza mwaka 1990. Kuna pia ufadhili wenye jina la Amelia Earhart, rubani aliyekuwa mwanachama wao na akapotea angani mwaka 1937. Ulianzishwa mwaka uliofuata, na leo unawaendea wanawake wanaosomea shahada ya uzamivu katika uhandisi wa anga na sayansi za anga za juu.

Sasa fikiria binti mwenye watoto wawili anayerudi kusomea uuguzi, ukampa fomu ya ile tuzo ya vijana ya Zonta. Ataijaza usiku kucha, na itarudi. Hatakuja tena, wala hutamlaumu.

Kumpata mlengwa ndipo kazi yenyewe ilipo. Klabu nyingi hubandika tangazo kwenye ukurasa wao na kusubiri, kisha zinashangaa waombaji ni watoto wa marafiki wa wanachama. Tangazo linamfikia aliyekwisha kuwa karibu. Mwanamke unayemtafuta hana muda wa kuzungukazunguka mtandaoni. Ana zamu ya usiku na mtoto mwenye homa. Kwa hiyo nenda kwa watu wanaomwona kila siku: mshauri wa wanafunzi chuoni, mkutubi, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, msimamizi wa nyumba ya hifadhi kwa waliokimbia ukatili, mwalimu wa masomo ya jioni. Usiwatumie barua pepe ukaishia hapo. Nenda ukae nao, waachie fomu zilizochapwa, na uwape namba ya klabu yenye mtu wa kuipokea. Mara nyingi yule mkutubi mmoja atakuletea waombaji wazuri kuliko kampeni yako yote ya mtandaoni.

Hata akipatikana, fomu inaweza kumwangusha. Ndiyo maana klabu yetu iliweka siku ya fomu: meza chache, kompyuta, printa, mtu wa kucheza na watoto pembeni, na mwanachama mmoja kwa kila mwombaji. Siku moja nilikaa na binti aliyekuwa amejibu kila kitu isipokuwa swali la mafanikio. Pameachwa wazi. Nikamwuliza, akasema, "Dada, mimi sina mafanikio, nimeacha shule." Nikaiweka kalamu chini, nikamwomba anieleze siku yake ya jana tangu alipoamka. Akaanza: kuwaandaa wadogo zake watatu, kuwapeleka, kukimbilia kazini kusafisha ofisi, mchana darasa la kompyuta, jioni kumsomea bibi yake maelekezo ya dawa na kuandika kwenye daftari alichokunywa na saa ngapi, maana daktari alitaka kuona. Nikamwambia aandike hilo daftari. Akacheka, akidhani ninamtania. Kamati iliposoma, daftari lile ndilo lililozungumzwa kuliko alama za mtu yeyote.

Lakini angalia mpaka uko wapi. Kumsaidia kuona alichonacho ni halali. Kumwandikia si halali. Sentensi zikianza kunukia mwanachama wa klabu, kamati inajua, na anayeumia ni yeye. Uliza, sikiliza, mwachie kalamu.

Barua za wadhamini, yaani watu wa kumshuhudia mwombaji, nazo ni mtego usioonekana. Binti aliyelelewa kwenye nyumba yenye watu wenye vyeo ana wa kumwandikia. Aliyeacha shule miaka mitano iliyopita hana mwalimu anayemkumbuka. Mwambie mapema kwamba msimamizi wa kazi anafaa, kiongozi wa dini anafaa, mwalimu wa kozi fupi anafaa. Na umpe mwandishi wa barua dondoo tatu za kuandikia, maana wengi hawajawahi kuandika barua ya aina hiyo na huishia na mistari miwili ya "ninamfahamu, ana tabia njema".

Kwenye usaili, jitahidi usiwe mtu wa ofisi ya uhamiaji. Nimesikia maswali ambayo yangenifanya hata mimi nisimame niondoke: baba wa mtoto yuko wapi, kwa nini uliondoka kwa mume wako. Kama fomu haikuuliza, nawe usiulize. Kinachohitajika ni mpango wake: kozi ipi, inaisha lini, kikwazo kikubwa ni kipi, fedha hii itaziba pengo gani. Mwanamke aliyesema, "Nikipata nauli ya miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo, namaliza," ameshakueleza yote. Na mjumbe mwenye undugu au urafiki na mwombaji anatoka nje ya chumba, na katibu anaandika kwenye kumbukumbu kwamba alitoka. Wazee wa klabu wengine wataona unawadharau. Vumilia tu.

Fedha nitazipitia haraka kwa sababu mweka hazina wenu atazirudia mpaka mchoke. Ada za wanachama ndizo za kuendeshea klabu: ukumbi, karatasi, mchango wa shirika mama. Fedha zilizochangwa na watu kwa jina la mabinti ni za mabinti, zikae kwenye akaunti tofauti, zihesabiwe na watu wawili, zitoke kwa sahihi mbili. Swali moja tu ambalo wageni hawalifikirii: kabla ya kulipa, mwulize binti kama ana msaada mwingine, wa serikali au wa chuo, unaopungua pale anapopata fedha mpya. Kuna mifumo ya namna hiyo, na unaweza kumpa kwa mkono huu kikachukuliwa kwa mkono ule. Wakati mwingine kulipa chuo moja kwa moja kunamfaa, wakati mwingine kunamwumiza. Yeye na ofisi ya fedha ya chuo ndio wanaojua, si sisi.

Baada ya hafla, klabu hupumua. Na hapo ndipo binti anapozama. Muhula wa kwanza ndio mgumu: ratiba mpya, mtoto hajazoea, kazini wanamnyima zamu za mchana. Tumezoea kusema kutoa ni moyo, si utajiri. Kweli kabisa, ila kwenye klabu moyo bila kalenda hauendi mbali. Mpe kila mfadhiliwa mwanachama mmoja wa kumpigia simu kwa tarehe zilizoandikwa: wiki ya pili ya masomo, kabla ya mitihani, wakati wa kulipa ada ya muhula unaofuata. Simu ya dakika kumi inatosha. Usimwulize "unaendeleaje?", maana atajibu "vizuri" hata akiwa anazama. Mwulize kitu cha kushika: umeshapata vitabu vyote? Nani anamchukua mtoto siku ya maabara? Majibu ya maswali hayo yanaweza kufanyiwa kazi.

Ukipewa ulezi wa wasichana wa sekondari, kanuni zinakaza zaidi, na zifuate hata kama unaona zinakudhania vibaya. Wanachama wawili daima, mahali panapoonekana. Mawasiliano yapitie kundi ambalo mzazi au mwalimu yumo, usimwandikie msichana peke yake usiku. Akikwambia jambo la kuumizwa, usimwahidi siri. Mwambie utamweleza nani na kwa nini, kisha ufanye hivyo siku ileile kwa mwanachama aliyeteuliwa kwa mambo hayo. Kama klabu haina mtu huyo, hiyo iwe hoja yako ya kwanza kikaoni, kabla ya nembo.

Na picha. Tunapenda picha jamani! Lakini kuna wanawake waliotoka kwenye ukatili ambao picha moja yenye jina la chuo inatosha kumwonyesha mtu mbaya njia ya kuwafuata. Omba ruhusa kwa maandishi, kabla ya hafla, si pale jukwaani watu wakipiga makofi, ambapo hakuna binti anayeweza kukataa. Akikataa, piga picha ya hundi na mikono, maisha yaendelee.

Kuhusu siku za kimataifa: tarehe 28 Mei ya hedhi salama, 11 Oktoba ya mtoto wa kike, 25 Novemba ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Zinafaa kwa kuomba wafadhili na vyombo vya habari wasikilize. Hazifai kuwa kazi nzima. Pedi za mwezi mmoja zilizogawiwa mbele ya kamera zinaisha mwezi huohuo. Kama mnataka kuingia huko, wekeni sanduku shuleni, mtu wa kulijaza, na bajeti ya mwaka mzima. Kama hamwezi mwaka mzima, chagueni shule ndogo.

Sehemu inayokimbiwa kuliko zote ni kuwajulisha waliokosa. Kamati huandika barua moja ya "tunasikitika" na kuituma kwa wote, au haitumi kabisa. Iombe kazi hiyo wewe, mwanachama mpya; hakuna atakayegombana nawe. Mpigie kila mmoja. Mwambie kilichokuwa kizuri kwenye fomu yake, kilichopungua, na tarehe ya kufunguliwa kwa maombi yajayo. Uwe na orodha ya misaada mingine anayostahili, kwa sababu wengi waliokosa kwenu huwa wanafaa mahali pengine na hawajui. Kuna atakayekukatia simu, na ana haki. Kuna atakayekuuliza kama mtu anaweza kuomba mara mbili. Mjibu kwa kanuni za programu yenu, andika jina lake kwenye faili, na mweke wa kwanza kualikwa siku ya fomu.