Paka wangu anakojoa damu kila baada ya miezi michache: nimwombee antibayotiki kali zaidi?

SWALI: Habari za kazi daktari. Nina paka dume wa miaka 4, amehasiwa, anaitwa Chui. Haruhusiwi kutoka nje na anakula chakula kikavu tu. Tangu mwaka jana, kila baada ya miezi michache anaanza kwenda kwenye trei ya mchanga kila mara, anachuchumaa muda mrefu, yanatoka matone tu, safari nyingine yana damu. Mara mbili aliambiwa ana UTI akapewa antibayotiki, akapona ndani ya wiki, halafu ikarudi. Sasa imerudi tena, na juzi amekojoa kitandani kwangu. Dada yangu anasema ananikomoa kwa sababu nimeleta paka wa pili. Je, nimwombee dawa kali zaidi? Na kuna chakula cha kuimaliza shida hii?

JIBU: Nitafika kwenye dawa na chakula, lakini kwanza nenda kamtazame Chui. Ninachotaka ujue ni kimoja: mkojo unatoka, au hautoki kabisa?

Nauliza kwa sababu ni dume. Mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu cha paka dume ni mwembamba, na unazidi kubana unapoelekea kwenye ncha ya uume. Kibofu kikivimba, ute, chembe za damu na fuwele (vipunje vya madini ya mkojo) hushikana na kufanya kizibo. Mkojo ukikosa pa kupita, figo zinashindwa kusafisha damu na potasiamu inapanda mpaka moyo unapoteza mwendo wake. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Majike huziba mara chache sana.

Ukiwa na mchanga unaoganda ukilowa mkojo, kazi ni rahisi. Zoa trei yote iwe safi, kisha rudi baada ya saa chache. Vidonge vidogo vidogo vya mchanga ulioganda maana yake mkojo unapita, ingawa kwa shida. Ukikuta mchanga umechimbwachimbwa lakini hakuna hata kidonge kimoja, hiyo ni dharura. Pitisha mkono taratibu chini ya tumbo lake, karibu na miguu ya nyuma: kibofu kilichoziba hushikika kama limau gumu, na paka hataki uguse. Usikibonyeze, kinaweza kupasuka. Dalili nyingine ni kulia akiwa kwenye trei, kulamba sehemu ya uume bila kupumzika, kutapika, kujificha na kukataa chakula. Wenye paka wengi hunipigia wakisema paka amefunga choo, kwa sababu wanamwona anajikamua. Wengine wameshampa mafuta ya kulainisha choo na kulala, na usiku huo ndio uliokuwa wa kumpeleka hospitali. Ukiona hakuna mkojo, usisubiri asubuhi. Atalazwa usingizi, atawekewa mpira wa mkojo na dripu, na mara nyingi atabaki hapo siku kadhaa.

Kwa maelezo yako matone yanatoka, kwa hiyo tuendelee, ila angalia tena jioni na kesho.

Sasa hizo antibayotiki. Binadamu akisikia mkojo unachoma anafikiria UTI, na mara nyingi hakosei. Kwa paka hesabu ni tofauti. Paka asiyezidi miaka 10, mwenye figo nzima na asiye na kisukari, ni nadra kukutwa na bakteria kwenye kibofu; mkojo wake ni mzito na bakteria hawaupendi. Zaidi ya nusu ya paka wa umri huo wanaokuja na dalili kama za Chui wana uvimbe wa kibofu ambao hauna bakteria, hauna kijiwe, na kipimo kinarudi bila mkosaji. Nao una tabia moja inayotudanganya sote: usipoziba, hupoa wenyewe ndani ya siku 5 hadi 7. Ukimpa paka antibayotiki siku ya kwanza, siku ya sita anakojoa vizuri na sifa zinakwenda kwenye kidonge. Angepewa maji matupu angepona siku hiyo hiyo. Ndiyo maana ugonjwa unarudi: dawa haijagusa kinachousababisha. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, usiombe kali zaidi. Omba mkojo uoteshwe maabara, ukichukuliwa kwa sindano kupitia tumboni ili usichanganyike na uchafu wa nje. Bakteria wakiota, hapo antibayotiki itakuwa na kazi, na itajulikana ni ipi.

Omba pia eksirei au ultrasaundi ya kibofu, kwa sababu hii ni mara ya tatu na lazima tuwe na hakika kama ana vijiwe au hana. Vijiwe vina aina: vya struvaiti huyeyuka kwa chakula maalumu ndani ya wiki chache. Vya oksalati haviyeyuki kwa chochote, vinatolewa. Ukiambiwa tu kwamba mkojo wake una fuwele, usishtuke. Paka wazima wengi wanazo, na mkojo uliokaa kwenye friji hutengeneza nyingine mpya. Mkojo upimwe ukiwa wa muda huo huo.

Kinachowatesa zaidi paka hawa ni maumivu, na hicho ndicho ninachoona kikisahauliwa. Ukuta wa ndani wa kibofu umechubuka, kila tone linachoma. Mwombe daktari wake dawa ya maumivu ya paka kwa siku hizi za mwanzo. Usimpe yako. Paracetamol inaua paka, hata kipande cha kidonge, na ibuprofen inaharibu figo zake.

Tuje kwa dada yako. Kuhusu kukomoa amekosea, lakini kuhusu paka wa pili huenda amegusa penyewe. Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kwa paka hawa tatizo haliishii kwenye kibofu. Mfumo wao wa fahamu unakaa katika hali ya tahadhari kupita kiasi, na kibofu ndipo msongo huo unapojitokezea. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya paka 46 wa ndani waliokuwa na ugonjwa huu, ambao wamiliki wao walielekezwa kubadilisha mazingira ya nyumbani. Paka walifuatiliwa kwa miezi 10, na wengi wao hawakuonyesha tena dalili za mkojo katika kipindi hicho. Mimi mwenyewe nikiletewa paka wa namna hii, maswali ya nyumba yanachukua muda mrefu kuliko kumpima.

Ugomvi wa paka mara nyingi hauna kelele. Usisubiri kuona manyoya yakiruka. Kaa pembeni utazame: mgeni analala mlangoni, kwenye njia ya kwenda kwenye trei, anakodoa macho tu. Chui anakuja, anasimama, anageuza kichwa kama hana habari, anarudi alikotoka. Anashikilia mkojo. Wewe umeona paka wawili wametulia. Yeye amenyimwa choo. Ongeza kwamba siku za ugonjwa trei imekuwa mahali pa kuumia, na utaelewa kwa nini amechagua kitanda: ni laini, hakuna anayemvizia, na kina harufu yako. Usimgombeze, usimsugue pua kwenye mkojo. Unamwongezea hofu ile ile inayomuumiza.

Kwa paka wawili weka trei tatu, na ziwe vyumba tofauti. Tatu zilizopangwa mstari mmoja kwa paka ni trei moja tu, kwa sababu anayelinda mlango amezilinda zote. Ziwe kubwa, urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, bila mfuniko, mchanga usio na manukato, uchafu uzolewe kila siku. Bakuli za chakula na maji nazo ziwe mbili mbili, mbali na trei na mbali na macho ya mwenzake. Mpe Chui mahali pa juu pa kupanda na pa kujificha ambapo mgeni hafiki. Kama wanawindana, watenganishe kwa mlango, wabadilishane matandiko wazoee harufu, kisha waonane kidogo kidogo wakati wa kula. Dakika chache za kumchezesha kwa kamba kila siku, saa ile ile, zinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Feromoni za kuchomeka ukutani, yaani harufu za kutuliza paka, unaweza kujaribu, ushahidi wake ni mchanganyiko, lakini hazidhuru.

Chakula: ndiyo, kinasaidia, na kinachosaidia zaidi ni maji yaliyomo ndani yake. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 au chini, cha kopo ni asilimia 75 na zaidi. Paka si mnywaji, hafidii pengo hilo kwenye bakuli. Mkojo ukiwa mwepesi, kinachochubua kibofu nacho kimepungua makali. Mhamishie chakula cha maji polepole, kwa wiki moja au mbili, ukichanganya. Usimfungie njaa ili akikubali, maana paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa mnene, ini lake linajaa mafuta na hapo unapata mgonjwa mpya. Akikikataa kabisa, lowanisha kikavu chake, na weka bakuli pana za maji sehemu kadhaa. Siki, juisi ya kranberi na chumvi acha; ukibahatisha asidi ya mkojo kabla ya kujua aina ya fuwele unaweza kusaidia aina nyingine iote.

Hata ukifanya yote haya Chui anaweza kurudiwa, lakini mara chache zaidi na kwa unafuu. Kama ataziba mara kwa mara, kuna upasuaji wa kupanua njia ya mkojo. Unapunguza hatari ya kuziba, ila hautibu uvimbe wenyewe. Na kama dalili zinarudi mfululizo licha ya kubadilisha nyumba na chakula, kuna dawa za kutuliza za muda mrefu ambazo daktari wake anaweza kuzifikiria. Haziharakishi kupona ukizianza katikati ya shambulio, kwa hiyo usizidai wiki hii.

Kitanda kifue kwa sabuni yenye vimeng'enya, na usitumie chochote chenye amonia, kwa sababu kwa pua ya paka inanukia kama mkojo na atarudi pale pale. Mpaka apone, weka moja ya zile trei tatu chumbani kwako, upande aliouchagua mwenyewe.