Shanga Nyekundu za Mkwe Mnigeria

SWALI

Shangazi, shikamoo. Binti yangu anaolewa na kijana wa Nigeria anayefanya kazi hapa Nairobi. Wazazi wake wanakuja Desemba kutoka Gboko kwa mazungumzo ya mahari. Nilitaka kuwapokea kwa heshima, nikamnunulia kijana kofia nyekundu na shanga nyekundu kama nilivyoona kwenye filamu, na fundi wa Eastleigh ameanza kunishonea vazi la kilemba kile kikubwa. Kijana alipoona shanga alinishukuru, kisha akanyamaza. Binti ananiambia, "Mama, wao ni Wativ." Nimekosea wapi? Na je, mahari wanayajua?

Mama wa Bibi Harusi, Umoja

JIBU

Marahaba, mama. Mpigie fundi leo hii aweke mkasi chini.

Kilemba hicho ni gele, cha Wayoruba. Kofia nyekundu ni ya Waigbo, tena ya wenye vyeo. Ni kama mgeni ampokee Mluhya kwa shuka la Kimaasai. Hatakutukana, lakini atajua hujamuuliza kwao ni wapi.

Kwao ni Benue, katikati ya Nigeria, jimbo lililopewa jina la mto na kuundwa mwaka 1976. Ukanda huo wote una makabila chungu nzima, na kila moja lina nguo yake. Majirani zao Waidoma huvaa mistari myekundu na myeusi. Wativ huvaa a'nger, mistari myeusi na myeupe.

Nguo hiyo naijua kwa mikono yangu. Nilipokuwa South B nilipakana na mama mmoja Mtiv, na siku moja alifungua sanduku akanitandikia a'nger kitandani. Ni nzito kuliko unavyodhani. Ukipitisha kidole unahisi mishono, kwa sababu hufumwa vipande vyembamba, kisha vikaunganishwa ubavu kwa ubavu. Harusini inavaliwa, msibani inavaliwa. Aliikunja taratibu, mstari juu ya mstari, kama mtu anayekunja leso ya marehemu mama yake.

Ndiye aliyenifundisha pia kwamba baba ni *ter* na mama ni *ngo*. Mtu ni *or*, watu ni *ior*. Tazama hapo, mama: neno linabadilika mwanzoni, kama mtu na watu. Lugha yao ni jamaa wa karibu wa lugha zetu za Kibantu, na wataalamu wanaweka chimbuko la Wabantu kwenye mpaka wa Nigeria na Kamerun, si mbali na huko. Wanaokuja Desemba si wageni kama unavyowaogopa.

Mahari wanayajua vizuri. Zamani ndoa yao kubwa ilikuwa ya kubadilishana, huyu atoe dada yake na yule atoe wake, waliiita *yamshe*. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1927, na mahari yakashika nafasi. Usitegemee mfalme katika msafara, watakuja wazee wa ukoo. Hata kiti cha Tor Tiv, mkuu wa Wativ wote, kilianza miaka ya 1940 tu. Kabla ya hapo mambo yaliamuliwa na wazee, kama kwetu wengi.

Chakula: tafuta viazi vikuu, si nduma. Huchemshwa na kutwangwa kinuni mpaka vivutike, ndiyo *ruam* yao, na huliwa kwa mkono na mchuzi mzito. Usipopata, ugali laini utaeleweka.

Shanga mwachie kijana azitunze, usimnyang'anye. Ila mkalishe chini umwombe akueleze kwao, na umwambie mama yake akuletee a'nger. Wakifika mlangoni sema *msugh*, ndiyo salamu yao. Na wewe umpe huyo mama leso, doti moja nzuri ya pamba. Soma jina lake kabla ya kulipa, maana atakuuliza limeandikwa nini.